Ufunguo Niliouacha Msumarini

Mpaka leo nikiona msumari umepigwa ukutani, hata ule wa kutundikia kalenda, hasira inanipanda kiasi kwamba ukiniwekea sufuria kichwani maharage yanaiva. Mke wangu ameng'oa misumari yote ya nyumbani. Makoti yetu siku hizi yanalala kwenye viti kama wageni waliolewa.

Nilikuwa mlinzi wa mchana kwenye kiwanda cha kufungasha maparachichi na iliki, ukitoka Bagamoyo unateremka kidogo. Nasema Bagamoyo yetu ya Tukuyu, msiniulize habari za bahari, sisi tuna matope tu. Shule mimi niliiona kwa mbali nikapita zangu. Lakini kwa kulinda geti, muulize yeyote. Kunguru akitaka kupita juu ya kiwanda kile alikuwa anabisha hodi kwanza.

Ndani ya uwanja kulikuwa na chumba kimoja cha zege, kuta nene kama ng'ombe wawili wamesimama ubavu kwa ubavu. Humo ndimo ilimokaa mashine ya kobalti. Ukiiangalia ni pipa kubwa tu la madini ya risasi, zito, siku linaletwa lori lilikohoa kuanzia Uyole mpaka hapa. Unaweka iliki kwenye kopo la chuma, kopo linashuka ndani ya pipa, linakaa, linapanda. Iliki ile ile, harufu ile ile, ila mdudu na ukungu wote wamekufa, hata mayai yao. Wazungu wananunua.

Siku moja akaja mwalimu wa usalama, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki, akatueleza.

"Wazee wangu, hii kobalti iliyo ndani haina harufu, haina rangi, haina sauti. Ikiwa ndani ya pipa lake, unaweza kulala mgongo umeegemea. Mtu akiiba akaipasua, akaishika, inamla mwili bila yeye kuhisi moto. Ndiyo maana tunailinda kuliko benki."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, inazimwaje?"

"Haizimwi. Inawaka mwaka hadi mwaka, mvua, jua, sikukuu."

"Hakuna ya kuzima?"

"Ipo. Ziko mashine za umeme zinazotoa mionzi kama hii. Ukichomoa waya, imebaki kabati la bati, mwizi aibe akafugie kuku. Na kwa maparachichi wengine wanatumia maji ya moto tu, wadudu wanakufa."

"Sasa mbona sisi mmetuletea hii isiyolala?"

Mwalimu akamtazama bosi. Bosi akasema, "Mzee, umeme wa hapa unaujua." Watu wakacheka. Na kweli, kwetu wingu likipiga chafya tu umeme umekatika. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Kitu kisichozimika, kinachoweza kumla mtu, kimewekwa kwetu kwa sababu kinavumilia kukatika umeme, halafu mimi nacheka!

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kufuli mbili na funguo mbili. Mwalimu alilikazia hilo mpaka mate yakamtoka: ufunguo mmoja awe na mlinzi, mwingine awe na fundi wa mashine, na wote wawili wasimame mlangoni pamoja, kila mmoja afungue kufuli yake kwa mkono wake. Mtu mmoja asiwe na funguo zote mbili hata kwa dakika ya kujikuna. Kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja anaweza kushawishika. Wawili wataoneana aibu.

Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba fundi wa mashine alikuwa mke wa mwanangu.

Asiyetujua Wanyakyusa nimweleze. Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, ndiyo heshima yenyewe. Akinisikia nakohoa njiani anaingia kwenye migomba. Mimi nikimwona anakuja najifanya nimesahau kitu nyumbani. Haniiti jina, haniangalii usoni, hatukai chini ya paa moja. Vijana wa siku hizi wengi wameacha, wanapiga picha na baba mkwe wanacheka meno thelathini na mawili. Yeye alilelewa na bibi yake kule Lupepo, akaenda chuo, akarudi na cheti kikubwa kama mlango, na heshima yake hajaiacha hata punje. Kwenye ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kufika alikofika yule binti. Nilikuwa naringa kijijini kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso.

Sasa tusimame naye mlangoni bega kwa bega kila asubuhi? Ningekufa kwanza.

Nikabuni akili yangu. Kwenye kibanda changu cha getini nikapiga msumari nyuma ya mlango. Asubuhi nikimwona anatokea barabarani na mwavuli wake, nautundika ufunguo, nakohoa mara tatu, natoka kupitia nyuma najificha kwenye migomba. Yeye anaingia, anauchukua, anakwenda kufungua kufuli zote mbili mwenyewe. Jioni anafunga zote mbili, anaurudisha msumarini, anapita, mimi natoka migombani nimelowa kama samaki. Ufunguo wake yeye, kwa amri ya kiwanda, aliuacha jioni kwenye sanduku la chuma ofisini kwa bosi. Na kwa kuwa Jumatatu alikuwa anawahi mapema kuliko mimi ili aikague mashine, basi Jumamosi jioni mimi niliuacha ufunguo wangu pale pale msumarini, nikaenda nyumbani, nikaenda kanisani, nikaimba.

Mnaona? Mlinzi wa kitu kinacholindwa kuliko benki, nimeuacha ufunguo umening'inia kama mkia wa mbuzi.

Bosi alijua. Alikuwa mtu wa kuletwa, kitambi kinatangulia, yeye anafuata kesho yake. Alinikuta mara nyingi migombani.

"Mzee, leo tena umejificha kwa mkweo?"

"Ndiyo, bosi."

"Hahaha! Endeleeni, endeleeni. Mimi mila za watu naziheshimu sana."

Nikamsifu kwa mke wangu: bosi wetu mtu wa watu. Mke wangu akasema, "Mtu akikuchekea kila siku, angalia mfuko wako." Nikamwambia ana roho mbaya.

Wakaja wakaguzi wa serikali. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani ya mnyororo, haongei, anaandika tu. Mashine ile ina saa ndani yake inayohesabu kila kopo linaloshuka. Haifutiki, haihongeki. Mama akasoma saa, akasoma daftari la mkwe wangu, akasoma tena. Makopo ya kwenye saa yalizidi ya kwenye daftari kwa makumi. Na saa ilikuwa inasema siku: Jumapili mbili mfululizo, kiwanda kikiwa kimefungwa.

Bosi hakupepesa jicho. "Funguo wanazo hao wawili. Baba na mkwe. Mnategemea nini? Watakuwa wanapitisha mizigo ya watu, biashara ya familia."

Mkwe wangu akasimamishwa kazi saa ile ile. Mama mkaguzi akasema atarudi baada ya siku kumi kutoa uamuzi, na kama ni kweli, yule binti hatagusa tena mashine ya aina hiyo popote nchini, na polisi watahusika. Mimi pia nikasimamishwa, lakini mimi ni mlinzi, nitalinda hata mgomba. Yeye je? Miaka yote ya kusoma, mwanangu ameuza ng'ombe, bibi wa Lupepo ameuza kahawa, leo aitwe mwizi?

Niliona uso wake kwa mara ya kwanza siku ile, na ni kwa bahati mbaya. Alitoka mlangoni kwa haraka, analia, hakunisikia kukohoa. Tukatazamana. Akajifunika kanga akakimbia. Nilipiga ukuta wa kibanda ngumi mpaka Kyela wakadhani ni tetemeko.

Nyumbani sikula siku mbili. Nilimtukana bosi mpaka matusi ya Kiswahili yakaisha, nikahamia Kinyakyusa, nayo yakaisha. Siku ya tatu mke wangu akasema, "Baba, nenda Suma kwa dada yako ukatukane huko, sisi huku tumeshaelewa."

Nikaenda Suma. Na Suma ndiko Mungu alikonihurumia.

Jirani ya dada yangu kuna shamba bosi alilikodi. Mahindi ya watu pande zote yalikuwa yamefika magotini, mabichi, yanachekelea mvua. Shamba la bosi lilikuwa uso wa mtu aliyenyolewa. Heka nzima! Hapa kijimche kimoja kimetoka kikafa, pale kingine kimepinda kama mzee wa baridi yabisi. Katikati amekaa kibarua wake juu ya jembe lake, mtu mzima wa makamo, kanuna.

"Ndaga," nikamsalimu. "Kaka, hapa mlipanda au mlisahau?"

"Usinichokoze," akasema. "Nimepanda, nimefukia, nimepanda tena. Tajiri anasema nimezikaanga mbegu zake nikatafuna. Mimi! Nina meno manne!"

"Mbegu zilikuwa mbovu?"

"Mbovu wapi? Alizileta mwenyewe na gari, Jumapili, akajisifu. Anasema, 'Hizi dumuzi wa ghalani hatazigusa hata miaka mia, nimezipitisha kwenye dawa ya kisasa.' Nzuri, zinang'aa! Zimebaki kidogo ghalani, njoo uone."

Jumapili. Dawa ya kisasa. Nikamwomba zile zilizobaki, akanimwagia kwenye kofia.

Nilirudi mbio. Sisemi nilikimbia sana, ila pikipiki mbili nilizipita kwenye mlima. Nikamkabidhi mke wangu kofia, yeye akamtumia mkwe maneno, maana mimi na mkwe hatuongei. Jibu likarudi upesi kwa mdomo wa mke wangu: "Anasema, iliki inapigwa mionzi mingi kwa sababu haipandwi, inaliwa tu, na kuliwa haina madhara. Mbegu ukiipiga kipimo kile, imekufa. Utaila, ugali utakuwa mtamu tu, lakini ardhini haiamki. Anasema bosi hakujua kubadili kipimo. Na anasema usipige kelele bado."

Mke wangu akafanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu kabla ya kupanda. Akachukua mbegu ishirini zetu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akachukua ishirini za bosi, akazifunga kwenye kingine, akaviweka karibu na jiko. Kila asubuhi anavinyunyizia maji. Mimi nilikuwa navichungulia kila baada ya dakika mbili mpaka akanipiga mwiko. Siku ya tano akafungua. Zetu kumi na tisa zilikuwa zimetoa mizizi mirefu na majani, zinataka kutembea. Za bosi, moja imechungulia kidogo ikarudi ndani, nyingine zimekaa tu kama meno kwenye bakuli.

Siku ya uamuzi nikavibeba vitambaa vyote viwili. Ofisini walikuwa wamekaa mama mkaguzi, bosi, na kwenye kona mkwe wangu. Mimi nikasimama nje, dirishani, mvua inanipiga.

"Mzee, ingia," mama akasema.

"Siingii, mama. Mkwe wangu yumo."

"Ndiyo, yumo. Ingia."

"Mama, nitaongelea hapa hapa. Sauti yangu inafika Mbeya."

Bosi akacheka, tumbo likatikisika. "Mnawaona? Hawa ndio mliowapa mali nyeti! Wanaogopana kama paka na maji. Ndiyo maana wanaachiana funguo misumarini!"

Yaani yeye ndiye alikuwa ananiambia endeleeni, endeleeni! Sikumbuki niliingiaje. Mke wangu anadai nilipitia dirishani, lakini hakuwepo. Ninachojua nilijikuta katikati ya chumba, maji yananitoka, na mkwe wangu amejifunika kanga gubigubi, kageukia ukuta.

Nikafungua vitambaa mezani. Nikasema yote: shamba la Suma, kibarua, Jumapili, dumuzi. Bosi akasema mbolea. Akasema udongo. Akasema panya.

"Mbegu ishirini kwenye kitambaa," nikamuuliza, "panya gani huyo anakula uhai anaacha punje?"

Ndipo mkwe wangu akaongea, akiuambia ukuta. Sikuwahi kuisikia sauti yake. Nilitegemea ya kifaranga, ikawa ya hakimu.

"Mama, kwenye faili la bosi kuna barua zangu mbili. Ya kwanza niliandika kwamba ufunguo wa mlinzi unakaa msumarini kwa sababu ya heshima yetu ya ukwe, na hilo ni hatari. Niliomba ufunguo wa pili apewe mtu mwingine ninayeweza kusimama naye. Ya pili niliomba mashine hii irudishwe ilikotoka, tutumie maji ya moto kwa maparachichi, na ya umeme kwa iliki, maana jenereta tunalo. Sikujibiwa."

Mama akanyoosha mkono. Bosi akatafuta faili kwa muda mrefu kuliko mimba ya punda. Barua zilikuwemo, chini kabisa.

Hapo hasira yangu ikanigeuka mwenyewe. Yule mtoto aliona hatari, akaiandika, akaipeleka kwa mkubwa. Mimi mtu mzima, ndevu nyeupe, niliona hatari gani? Niliona aibu ya kukutana naye macho. Bosi hakuvunja kitu, hakukata kufuli. Ufunguo wa binti ulikuwa sandukuni kwake, na wangu niliutundika mimi kwa mkono wangu, kila Jumamosi, kama namwambia karibu. Alipitisha mbegu zake, na nashukuru ni mbegu. Angekuwa na njaa ya kitu kikubwa zaidi, je? Angeleta wanunuzi wa vyuma chakavu, je? Watoto wa Tukuyu wangechezea nini?

Mama akatoa uamuzi wake pale pale, akiandika. Fundi hana kosa, anarudi kazini leo. Chumba hakitafunguliwa kwa kazi ya biashara tena, ni kukagua tu, mpaka mashine ichukuliwe. Mlinzi amevunja kanuni ya funguo mbili, aondoke. Kuhusu bosi, kiwanda kitamchukulia hatua.

Hatua yenyewe mnataka kuijua? Wakamhamisha. Mimi nikafukuzwa, yeye akahamishwa, tena mji mkubwa, nasikia na nyumba kapewa. Kibarua wa Suma hajaombwa radhi mpaka leo. Nikiliwaza hilo nalima tuta moja kwa pigo moja la jembe. Lakini kufukuzwa kwangu sikubishi. Nilistahili. Ninachobisha ni kuambiwa kwamba mila ndiyo iliyofanya wizi. Mila haikuwa na shamba Suma.

Mpaka leo mashine bado imo mle ndani. Kuileta ilichukua siku moja, kuiondoa kila mwaka wanasema mwakani. Haizimwi, inawaka, na maparachichi yanapita nje yake kwenye maji ya moto, wala hayana habari nayo.

Kiwanda kilitafuta mtu wa kushika ufunguo wa pili, mtu anayeweza kusimama na mkwe wangu bega kwa bega. Mama mkwe na mke wa mwana kwetu hawakatazwi, wanalima pamoja, wanapika pamoja, wanatusengenya pamoja. Wakamchukua mke wangu. Sasa yeye ndiye mlinzi, amevaa koti langu, limemkaa kuliko lilivyonikaa mimi, na mimi nabaki nyumbani napika.

Wiki iliyopita bosi mpya alimfuata kibandani, peke yake, mkwe wetu akiwa kliniki na mtoto.

"Mama, nipe ufunguo wako mara moja tu, nikachungulie. Huu mwingine ninao."

"Fundi hayupo."

"Mimi ndiye bosi hapa."

"Najua, baba. Shikamoo bosi. Fundi hayupo."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Fukuza. Mume wangu alishafukuzwa, tunajua njia."

Akamfungia dirisha la kibanda. Bosi akasimama kwenye mvua mpaka akachoka, akarudi ofisini. Jioni mke wangu alinisimulia huku anakula viazi vyangu, akasema vimekosa chumvi, na kwamba bosi huyu wa pili naye anacheka sana.